Maji ya Ndinda

Wazee walisema kawia ufike, maana anayechelewa akafika salama ni bora kuliko anayekimbia akapotelea njiani. Ndinda wa Kambu aliyasikia maneno hayo tangu utotoni, lakini utamu wake aliuonja mwaka ule mumewe alipomletea tangi la kioo.

Mulei alikuwa mpishi Mombasa. Mwajiri wake alimpa tangi dogo la kufugia samaki, pamoja na samaki watatu wekundu ndani ya debe. Alipopata likizo akaja nalo, akaliweka katika hoteli ya chai ya mkewe, kando ya barabara kuu. "Ukiwatazama hawa, ni kama unaniona mimi," alimwambia, kisha akarudi kazini.

Baada ya siku chache maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Ndinda, ambaye sufuria zake zilimetameta kama kioo, aliona aibu. Akamwaga maji yote, akasugua kokoto za ndani ya tangi kwa majivu kama alivyofunzwa na mamake, akajaza maji mapya. Asubuhi samaki walikuwa wanaelea. Alilia kana kwamba amefiwa.

Habari zilipomfikia, Mulei hakumlaumu. Alimpa dereva wa lori mfuko wa kokoto zenye majimaji kutoka tangi kuukuu la mwajiri, na ujumbe: "Mwambie maji mapya hayana wenyeji. Kokoto hizi zina vijidudu visivyoonekana, ndivyo vinavyokula uchafu wa samaki. Asizioshe. Atie maji ya mvua, na chembe za chakula ili visife njaa. Maji yakichafuka, ayaache. Nitakuja Krismasi na samaki wengine."

Maji ya kisima cha Kambu yalikuwa na chumvi. Nadifa, jirani mwenye duka, ambaye jamaa zake walitoka Garissa, alimletea maji ya mvua kutoka pipa lake mwenyewe, bila kuombwa.

Maji yakawa meupe tena, lakini Ndinda akangoja, na wateja wakapata la kucheka.

"Mama, wenzako wanafuga kuku, wewe unafuga maji!" alimtania Musembi, utingo wa lori. "Yatataga lini?"

"Yakitaga nitakukaangia," Ndinda alijibu. Lakini kila basi lililotoka pwani lilipopunguza mwendo, alifuta mikono akatoka nje. Basi likienda, alirudi ndani polepole.

Siku moja kabla ya Krismasi maji yalikuwa bado meupe. Ndinda akachukua majivu.

"Mulei atanikuta na uchafu huu?"

Nadifa alimshika mkono. "Dada, yeye mwenyewe alisema nini?"

"Ningoje."

"Basi tungoje pamoja." Akayamwaga majivu nje, akaketi naye.

Krismasi ikaja, Mulei hakuja. Mafuriko yalikuwa yamesomba daraja njiani. Ndinda alimpakulia chakula, kikapoa, akakifunika. Mwaka mpya ukaingia. Kila siku alitia chembe zake, akaketi mbele ya tangi lisilo na samaki, akilitazama kama mtu anayetazama njia.

Kisha asubuhi moja, kupitia kioo, aliiona picha yao ya harusi iliyotundikwa ukutani nyuma ya tangi. Maji yalikuwa yametakata yenyewe.

Siku chache baadaye basi lilisimama. Mulei akashuka, amekumbatia debe kama mtoto mchanga.

"Umekawia!" Ndinda alisema, machozi yakimlengalenga.

"Nimekawia kweli. Wengine walivuka mto kwa nguvu, mizigo yao ikachukuliwa na maji. Mimi nikangoja daraja." Alichungulia tangi. "Yalitakata lini?"

"Juzi tu."

Mulei aliwatazama samaki ndani ya debe. "Basi ningefika Krismasi, ningewaua na hawa."

Walichota maji ya tangi wakayatia kwenye debe, kikombe kimoja kimoja, mpaka samaki wakayazoea. Kisha wakawaachilia. Samaki wakazunguka taratibu mbele ya picha ya harusi.

"Kumbe yametaga!" Musembi alipiga kelele mlangoni, na Nadifa akacheka hadi akajifuta macho kwa shungi lake.

Ndinda hakuwatazama samaki. Alimtazama aliyewaleta, akajua ya kuwa wazee hawakukosea: kawia ufike.