Nungunungu Aliyechemsha Mto

Paukwa!
Pakawa.
Wa nyuma mmesinzia. Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale Fisi alijenga kiwanda cha ngozi juu ya mto. Bomba lake likamwaga maji ya dawa za ngozi mtoni: chururu, chururu, chururu.

Wanyama wakaumwa matumbo. Wakasema, "Tuchemshe." Wakachemsha. Nungunungu akawashinda wote. Mkewe alipougua, alimchemshia maji mpaka yakabaki nusu chungu. Mke akafa hata hivyo. Sasa binti yao, Mwiba, akaanza kupukutika miiba: pu, pu, pu. Nungunungu akachochea kuni. Maji yakabaki robo.

Mama Chura akapita, mzigo kichwani, pwa, pwa.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nahama mto."

"Chura ahame mto? Utaoga wapi?"

"Kwenye umande. Nawe baba, unapika supu ya maji?"

"Nayachemsha yawe salama."

"Haya. Mchuzi ukizidi chumvi, ukauchemsha, chumvi inatoka?"

"Inazidi."

"Basi. Moto unaua vijidudu. Dawa za Fisi hazina roho, utaziuaje?"

Nungunungu akakitazama chungu. Akayafikiria maji aliyompa mkewe, kikombe baada ya kikombe. Kisha akamwaga chungu, akasimamisha miiba, chaka chaka chaka, akaenda kiwandani. Wanyama wote nyuma yake.

"Maji yangu meupe pe," akasema Fisi.

"Kunywa basi, mzee," akasema Nungunungu.

"Nimefunga."

"Na watoto?"

"Wamefunga pia."

"Hata anayenyonya?" akauliza Tumbili. "Na mkeo yule, mtungi wa nini?"

Wakageuka. Mama Fisi huyo, anashuka kutoka chemchemi ya mlimani, mtungi kichwani, anaimba.

Wakacheka kwi kwi kwi. Kiboko hakucheka. Alirudi kinyumenyume, taratibu, akalikalia bomba, akaliziba mdomo.

Maji yakarudi yalikotoka. Gulu gulu gulu, bwaa! Yakamtapika Fisi dirishani, mabaka mwili mzima. Mnayaona hadi leo.

Kiwanda kikafungwa. Wanyama wakateka maji kwenye chemchemi ile. Miezi ikapita, Mwiba akaota mwiba mmoja mfupi, akamrukia baba yake.

"Umenichoma," akasema Nungunungu. Asimwachie.

Basi jueni: kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi sumu ya kiwandani. Anayeuchafua mto azuiwe bombani, asingojewe chunguni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kama ni tamu, gawaneni. Kama ni chungu, nirudishieni.