Vijiti vya Mvua vya Bibi Sikudhani

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni, jamaa zangu. Hadithi ya leo ina maji, na ina machozi.

Zamani sana palikuwa na kijiji kilimani, na chini yake bonde lenye mto. Hapo aliishi ajuza mmoja, Bibi Sikudhani. Mvua iliponyesha, chwa! chwa! chwa! alikinga chungu uani. Ilipokatika, alitumbukiza kijiti, akakikata pale maji yalipofika. Mvua ndogo, kijiti kifupi. Mvua kubwa, kijiti kirefu. Vya mwaka mmoja alivifunga pamoja. Akakata, akafunga, akakata, akafunga, hata mafungu yakawa kumi.

Mwaka huo Jumbe Mbaruku, mkuu wa kijiji, alitaka kujenga maghala bondeni. Watu walikuwa wamechoka kupandisha mtama kilimani. Akaenda kwa ajuza.

"Shikamoo, Bibi. Mto hupanda bondeni mara ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Maji yakipita vidole vinne chunguni, mto unapanda. Pima vijiti."

Jumbe akafungua mafungu. Katika kila fungu akachomoa kijiti kimoja, kirefu kuliko vyote. Vingine akavisukuma kando. Akapima vile kumi. Vitatu tu vilipita vidole vinne.

"Mara tatu kwa miaka kumi! Hizo tutazistahimili."

"Na hivyo ulivyovisukuma?"

"Hivyo vifupi, Bibi."

"Ni vifupi mbele ya ndugu yao. Mto haujali ndugu." Akavipima mwenyewe. Vinne zaidi vikapita, vyote vya miaka ile ile mitatu. "Ni mara saba, Mbaruku. Na mwaka mbaya mvua hurudi."

Jumbe akacheka. "Kila mwaka una mvua yake kubwa moja. Ikipita, imepita."

Maghala yakajengwa. Walichaguliwa wanawake wanne wa kuanika na kulinda mtama. Mmoja wao alikuwa Mwasiti, mtoto pekee wa Bibi Sikudhani.

Masika yakaingia. Chwa! chwa! chwa! Mto ukapanda, ukang'oa ghala moja. Hakufa mtu.

"Hiyo ndiyo ya mwaka huu," Jumbe akatangaza. "Rudini kazini."

Bibi akamshika mwanawe mkono. "Mwasiti, usishuke."

"Mama, nisiposhuka nani atageuza mtama? Utaoza."

Akashuka. Siku ya kumi na mbili, jua likiwa utosini, mbingu ikafunga. Chwa! chwa! chwa! Mto ukaja, guu! guu! guu! Maghala yakaenda. Wanawake wanne wakaenda. Mwasiti alionekana siku ya tatu, amenasa kwenye matete.

Njaa ikaingia. Jumbe akaja, akapiga magoti uani.

"Bibi, nisamehe. Nilichagua mvua nilizozitaka."

Ajuza hakumtukana. Hakumfariji pia. "Mjenge juu," alisema. "Mjenge kabla sijafa."

Wakajenga kilimani. Mavuno yalipoingia, kikapu cha kwanza kilipelekwa kwa Bibi Sikudhani. Akatwanga, akapika ugali, akapakua sahani mbili, kama alivyozoea. Akaketi akiitazama ile ya pili mpaka ikapoa.

Basi, jamaa zangu, anayehesabu hatari azihesabu zote, asichague kubwa tu. Maghala yale yalisimama miaka mingi, na watu walipoyaingia walimtaja Bibi Sikudhani. Jina la Mwasiti walilitaja kwa sauti ya chini.

Yangu ni hayo. Sina zaidi ya hapo.