Kifutio cha Fundi Cherehani

Fundi cherehani mmoja alikuwa na jicho lisilohitaji tepu. Mteja akisimama mlangoni, yeye ameshajua kiuno na mabega, na gauni likishonwa linakaa. Jicho hilo lilimlisha miaka ishirini. Ndilo lililomponza.

Baba yake alikuwa mwalimu wa kwaya ya kigango. Alitunga nyimbo thelathini, hakuandika hata moja. Zote zilikuwa kichwani mwake. Sasa mzee alikuwa kitandani, kifua kimembana, na kila juma sauti ilipungua. Binti yake, yule fundi, akaona wazi: asipojifunza kuandika nota, siku ya kumzika baba watazika na nyimbo.

Akawa anakwenda darasa la nota parokiani kila Jumamosi. Mwalimu wa darasa alibonyeza sauti mbili kwenye kinanda cha kukanyaga, na wanafunzi wakaandika umbali uliopo kati yake: do hadi mi, do hadi so, re hadi la. Yeye alikaa benchi la mbele, ubavuni mwa kinanda. Nyuma, kwenye nguzo, alikaa mwashi mmoja aliyesikiliza huku amefumba macho, na alikosa sana.

"Kaka, ukianza kukoroma tutashindwa kusikia kinanda," fundi alimwambia.

"Wewe cheka tu, dada. Nimekosa saba leo, lakini nimezikosa mwenyewe."

Fundi alipata kumi kwa kumi kila wiki. Je, alikuwa anaibia? Hapana. Hakujua hata kwamba anatazama. Macho yalikwenda kwenye vidole vya mwalimu kama yalivyozoea kwenda kwenye kiuno cha mteja, na mkono ukaandika.

Ikafika siku ya mtihani. Sheria ya parokia ilikuwa hivi: asiyepata nane kwa kumi, wimbo alioandika haupokelewi na kwaya. Mtihani mwingine ungekuja baada ya miezi sita. Na asubuhi ile ile baba yake alikuwa ameshindwa kumaliza ubeti mmoja.

Swali la kwanza likapita, na la pili. Kwenye swali la tatu masikio yakamwambia: do hadi so. Akaandika. Kisha akaona kidole cha mwalimu kimekaa kwenye la. Akaikumbuka ile sauti: so. Akatazama tena kidole: la. Angefanya nini? Wewe uliyeketi hapo, ungefanya nini? Akachukua kifutio, akafuta so, akaandika la. Swali la sita likaja hivyo hivyo. La tisa pia. Mara zote tatu alifuta.

Karatasi zikarudi. Mwashi amepata nane. Yeye amepata saba.

"Mwalimu, mbona niliona kidole chako," alisema. "Kilikuwa kwenye la."

"Kilikuwa kwenye la, kweli. Lakini aliyekuja kusafisha kinanda juzi alizibadilisha ndimi mbili za ndani zinazotoa sauti, kila mmoja akauweka mahali pa mwenzake. Ukibonyeza la, kinalia so. Nimegundua leo asubuhi. Nikasema haidhuru, mtihani ni wa masikio."

Akaiinua ile karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya yale majibu matatu ya la palionekana penseli iliyofutwa.

"Hebu soma hapa, mama."

"So."

"Na hapa?"

"So," alijibu, kwa sauti ndogo zaidi.

"Ulizisikia zote kumi. Lakini mimi nasahihisha kilichobaki." Akamrudishia karatasi. "Sasa baba yako akikuimbia, utatazama kidole gani?"

Fundi akasimama. Kifutio alikiacha pale pale benchini. Alikwenda nyumbani, akaketi kando ya kitanda, akafumba macho.

"Anza, baba."

Mzee akaanza, taratibu, kama mtu anayesema na mto wake. Binti akaandika. Kesho yake akaandika tena. Miezi sita baadaye alirudi kwenye mtihani akafaulu, na kwaya ikazipokea nyimbo za mzee. Zilikuwa kumi na moja. Kumi na tisa walikuwa wameshazizika.

Ndugu zangu, mara nyingi tunasali tukisema, "Bwana, sema nasi." Kana kwamba hajasema. Kwenye kikao cha ukoo, mjane aliponyang'anywa shamba, hatukusikia kwamba ni dhuluma? Tulisikia. So ilikuwa so. Kisha tukatazama mkono wa mwenye nguvu umekaa wapi, tukafuta, tukaandika alichobonyeza yeye. Na tulipoulizwa, tukasema, "Sisi tuliona wakubwa wamekubali."

Siku moja Bwana atazichukua karatasi zetu, na mimi yangu imo. Naiogopa siku hiyo, wala sitawaficha. Hatatuuliza kama tulisikia. Ataziinua kwenye mwanga wa dirisha, atuonyeshe tulipofuta, kisha atasema: hebu soma hapa.