Jamvi la Pili la Sultani

Hebu fumba macho kidogo, mwanangu, uione baraza ndefu iliyopakwa chokaa, na watu wazima wamepiga magoti wakiburura majamvi huku na huku, jasho likiwatoka vilembani. Umewaona? Basi na tuingie.

Hapo zamani, katika mji wa Ungamo, binti wa Sultani Mwinyihaji aliposwa. Na ada ya mji ule ilikuwa hivi: watu wa bwana harusi huleta majamvi, na watu wa bibi harusi huyatandika yote pamoja yawe kitandiko kimoja chenye pembe nne, pasiwe na pengo, wala la kubaki, wala la kulaliana, na kulikata jamvi ni mkosi. Safari hii likaja jamvi kubwa moja la mraba, na majamvi membamba matano yenye urefu sawa na ubavu wa lile kubwa, na vijamvi sita vya mraba, kila kimoja cha kukaliwa na mtu mmoja. Upana wa yale membamba nao ulikuwa wa mtu mmoja.

Waziri Shaame akayapanga membamba yote matano upande mmoja wa lile kubwa. Yakakaa vizuri, lakini vijamvi sita vikambakia mkononi. Akapanga tena, manne upande mmoja na moja upande wa pili unaokutana nao pembeni. Pembeni pakatokea nafasi ya vijamvi vinne, viwili vikabaki. Ikawa hajui la kufanya.

Mara mtu akacheka mlangoni. Alikuwa Vuai, fukara asiye na kazi wala kanzu ya pili, mwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa jumba.

"Wamcheka Waziri wangu?" akauliza Sultani.

"Hasha, Maulana. Nalicheka jamvi. Limemchosha mtu mzima, nalo limelala tu."

"Basi tandika wewe. Ukishindwa, kibanda chako nitakifanya zizi la punda wangu, nawe ukalale utakapo."

Vuai hakuwa na pengine pa kulala, basi akayatazama majamvi. Akasema, "Natafuta namba mbili. Nikizijumlisha ziwe tano, nikizizidisha ziwe sita."

"Tumekuambia utandike, si utege vitendawili," akafoka Waziri.

"Ni mbili na tatu, bwana wangu. Polepole, usije ukapata ugonjwa."

Basi akaweka membamba mawili upande mmoja wa jamvi kubwa, na matatu upande wa pili. Pembeni pakawa na nafasi ya safu mbili za vijamvi vitatu vitatu, na vile sita vikaingia kama vilizaliwa pale. Wanawake wakapiga vigelegele.

Wageni wakaketishwa, wakajaa watu hamsini na sita barabara. Hapo Waziri, uso umemwiva, akamnong'oneza Sultani, naye Sultani akasema, "Vuai, elekea ukutani. Kitandiko chote kimekaliwa na watu hamsini na sita. Je, ubavu wa jamvi kubwa hukaliwa na watu wangapi? Usipime, usigeuke. Nami nataka kila jibu la hesabu hiyo. Ukiacha hata moja, punda wanahamia leo."

Vuai akauambia ukuta, "Upande mmoja wa kitandiko ni ubavu ule na mbili zaidi, wa pili ni ubavu ule na tatu zaidi. Basi ni namba mbili zinazofuatana, na zikizidishwa ni hamsini na sita. Saba na nane! Toa mbili katika saba. Ni watu watano, Maulana."

"Na jibu la pili?" akauliza Waziri, akitabasamu.

Vuai akajikuna kichwa. Punda akalia uani, na watu wakacheka.

"Lipo," akasema hatimaye. "Ni kumi pungufu ya sifuri. Iongeze mbili, iwe nane pungufu. Iongeze tatu, iwe saba pungufu. Na pungufu ikizidishwa kwa pungufu, hutoka hamsini na sita kamili."

"Umekiri mwenyewe kuwa lipo!" akasema Sultani. "Basi niletee jamvi hilo la kumi pungufu ya sifuri, nilione kabla wali haujapoa."

"Nasikia na kutii, Maulana. Ila jamvi la harusi halitandikwi pasipo wa kulikalia. Waziri na awalete kwanza wageni kumi pungufu ya hakuna, awanawishe mikono, awape na tambuu. Wakiwa tayari kuketi, nami nitalitandika."

Sultani akamtazama Waziri. Waziri akatazama mlangoni, kana kwamba wageni wale huenda wakaja. Basi Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka.

"Geuka, Vuai, ukae karibu nami. Kibanda ni chako, na ukuta kinaouegemea ni wako pia. Shaame, mnawishe mikono mgeni wetu."

Nawe mwanangu, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: hesabu ya namna hii ikikupa majibu mawili, yapokee yote mawili kwa adabu, kisha uulize ni lipi laweza kukaliwa.