Nahodha wa Mchangani

Kaeni chini. Zamani ilikuwako, ikala, ikashiba, ikaondoka. Sisi tunaokota makombo. Leo nawapa kombo moja, nalo ni chungu.

Wakati huo mto wetu Tana ulipita hapa hapa, mbele ya mlango huu. Msitazame mchanga, nitazameni mimi. Ulipita hapa hapa, na pale kwenye kona ya juu ilisimama mikuyu, mikuyu, mikuyu. Hakuna aliyekata hata tawi. Wazee walisema mizizi yake ndiyo kamba iliyoufunga mto.

Basi wageni wakaleta stima, chombo cha moshi, kupandisha nguo na chumvi na kushusha pembe. Nahodha wao akafa kwa homa. Usukani wakampa Hiribae wa kijiji hiki, kaka wa bibi yangu, kwa kuwa alijua kila fungu la mchanga. Tulijivuna? Tulijivuna mno. Akipiga honi, mama yake anaacha chungu motoni.

Lakini stima ilikula kuni. Ikila, inataka tena. Kuni za karibu zikaisha, tajiri wa stima akamwambia, "Ukichelewa tena, natafuta nahodha mwingine."

Ndipo Hiribae akaja na watu wa mashoka pale kwenye kona. Mama yake akasimama mbele ya mkuyu.

"Mwanangu, hii haikatwi. Unajua."

"Mama, mto naujua mimi. Naupanda na kuushuka kila mwezi."

"Unajua kupita juu yake, baba. Kuuzuia hujui."

"Nipishe, mama. Stima inangoja."

Akamsukuma kando. Mama yake mzazi. Mimi nikilisema hilo hata leo nakasirika.

Wakakata, wakakata, wakakata. Miaka miwili stima haikuchelewa. Mwaka wa tatu yakaja mafuriko, ukingo usio na mizizi ukamegeka, mto ukatoka pale kwenye kona ukaenda kule mnakoteka maji sasa. Stima ilikuwa imefungwa hapa gatini. Maji yalipokauka, ikabaki imekaa mchangani. Migomba ikafa, mpunga ukafa, nusu ya kijiji wakahama. Wageni wakaja, wakang'oa shaba ya stima, wakaenda zao.

Hiribae akakataa kushuka stimani. Kila asubuhi anapangusa usukani. "Mto utarudi," anasema. Na kila asubuhi mama yake anapita na mtungi kichwani, hamtazami.

Miaka ikapita hivyo. Siku moja mama, mgongo umeshapinda, akasimama, akachota kata moja ya maji, akamnyooshea mwanawe.

"Kunywa, nahodha. Mto wako wote ndio huu."

Hiribae akanywa. Kesho yake akaamka, akapangusa usukani. Hivyo hivyo mpaka akafa.

Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hiribae alizikwa na miguu yake mizima. Waliovunjika ni wengine.

Kisa changu kimekauka. Haya, inukeni, chukueni madumu kabla jua halijawa kali. Mtoni ni mbali.