Mlango wa Ndahani

Nyumba isiyopigiwa hodi ni mzigo.

Mmeisikia asubuhi hii kwa fundi Njiku, alipoweka mwiko chini akakataa kumjengea yule bwana ukuta wenye vigae vya chupa juu na lango lisilo na mahali pa mtu kusimama akaita. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Msidhani ni ya wahenga wa enzi za mababu. Aliyeisababisha tumemzika juzijuzi tu, na wengine wenu mlishika sepetu. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na dereva mmoja, Mgogo, jina lake Ndahani. Alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga, Chiduo, ule mwaka wa Operesheni, watu waliposombwa kutoka kwenye maboma yao kwenda kupangwa mistari katika vijiji vipya. Kwenye karatasi mambo yaliandikwa vizuri: shule, maji, zahanati. Lakini karatasi haipandi juu ya paa la mtu. Waliopanda walikuwa mgambo, na alichokikumbuka Ndahani hadi mvi zikamjaa ni kwamba walipiga hodi. Asubuhi, kwa adabu kabisa. Baba yake akawaitikia karibuni, akawatolea vigoda. Wakakaa, wakanywa maji, wakarudisha kata, wakashukuru. Kisha wakapanda juu ya tembe wakaanza kulibomoa.

Kilichopona ni mlango tu, mlango wa mninga ambao mzee aliuchonga kwa tezo lake mwenyewe. Akapakiwa kwenye lori ameukalia. Huko waliposhushwa hapakuwa na ukuta wa kuutia, wala kivuli. Mzee akafa kabla ya mvua za kwanza. Hakuna aliyeulizwa habari ya kifo kile. Mpaka leo hakuna aliyeulizwa.

Tangu siku ile neno hodi lilimtoka Ndahani kinywani, halikurudi. Akifika kwa mtu alikohoa. Mtu akipiga hodi kwake alinyamaza, akamwacha mkewe aitike. Alikuja kuendesha malori miaka thelathini, akibeba pamba na alizeti za wengine, akilala kabini, na kila chumba alichopanga aliuegemeza ule mlango ukutani kama mgonjwa asiye na kitanda.

Alipostaafu akapata lori kuukuu la tani saba, lililokwisha kufa mara mbili likafufuliwa. Juu ya bodi yake akajenga nyumba: mbao pande zote, bati juu, kitanda, jiko la mkaa, pipa la maji, dirisha lenye pazia la maua. Nyuma, mahali pa kupandia, akautia mlango wa baba yake. Mbele, kati ya nyumba na kabini, akatoboa kidirisha cha kupenya mtu mmoja. Majirani wakamwita Mzee Kobe. Hakujali.

"Mwaka ule nilipakiwa kama gunia," alimwambia mkewe, Sechelela. "Safari hii lori naendesha mimi."

"Kwenda wapi, Baba Chiduo?"

"Popote. Nikijua, na wao watajua."

Sechelela hakuuliza ni akina nani hao. Alikuwa ameishi naye muda wa kutosha kujua kwamba hao hawakufa, walibadilisha mashati tu. Akafunga kanga zake mbili, akapanda, magoti yakimlalamikia.

Wakaondoka bila ramani wala siku ya kurudi. Palipokuwa na njia panda, Ndahani alitazama upande ambao vumbi lilikuwa dogo, akakata usukani huko. Sharti lake lilikuwa moja: hawatajiandikisha popote. Kwa desturi yetu mgeni akiingia kijijini hupelekwa kwa balozi wa nyumba kumi, akasema jina lake na atokako, ndipo akalala. Ndahani alisema hajaandikwa tena na mtu, ameandikwa mara moja inatosha.

Siku za mwanzo Sechelela alifurahi, tusimsingizie. Aliona mawe ya Singida yaliyopandana kama watu waliobebana mgongoni. Aliona ndege wekundu wamejaa ziwani. Aliosha vyombo kwenye vijito asivyovijua majina. Lakini furaha ya mwenye magoti mabovu ni fupi, na baada ya wiki tatu alianza kutamani vitu vidogo: kuku anayemjua, jirani wa kumwambia kwamba chumvi imekwisha. Kila asubuhi alifunga sufuria kwa kamba zisianguke, kila jioni alizifungua. Alisema mikono yake imechoka kufunga fundo lile lile.

Na kila waliposimama, watu walikuja. Hilo Ndahani hakulitarajia. Penye nyumba yenye pazia la maua watu huja. Mzee mmoja alikuja na asali kwenye kopo, akasimama nyuma ya mlango, akaita hodi. Ndahani akapenya kidirishani, akakaa kwenye usukani, akawasha injini. Yule mzee akabaki na kopo lake katikati ya moshi. Mahali pengine alikuja mchungaji wa kanisa kuwaalika ibadani; naye akaachwa na vumbi. Mara ya tatu alikuja mama mwenye kibuyu cha maziwa, na kwa kuwa mikono ilimchoka alikitua kwenye ngazi ya nyuma kabla ya kuita. Lori liliponguruma kibuyu kikaanguka. Sechelela alichungulia dirishani akayaona maziwa yakinywewa na mchanga, na yule mama ameshika kiuno, wala hatukani, anashangaa tu.

 Jioni, akifungua sufuria, Sechelela alisema yale maziwa yalikuwa yake. Ndahani akajibu kwamba hata mgambo walianza kwa kunywa maji. 

Mvua zikawakuta upande huu wetu wa mbugani, kwenye udongo mweusi unaoshika hata mguu wa mbuzi. Lori likazama hadi ekseli, alfajiri, umbali wa kuita kutoka kwenye nyumba za kijiji hiki hiki. Ndahani akachimba, akatandika matawi, akakanyaga mafuta, likazama zaidi. Sechelela alikuwa ameamka na baridi ya homa. Mchana akaanza kutetemeka hadi kitanda kikagonga ubao. Jioni akawa anamwita mama yake, aliyekwisha kufa zamani.

Kilichomshangaza Ndahani ni watu. Walipita na majembe yao, wakalitazama lori, wakapita. Hakuna aliyekaribia. Mwanamume mmoja alikaa juu ya kichuguu tangu saa nne, fimbo mapajani, macho kwenye lori. Akaja mwingine kumpokea, naye akakaa. Ndahani akajiambia, ndio hao, tayari wameweka mtu wa kutupeleleza. Akafunga komeo.

Siku ya pili maji ya kunywa yaliisha, na Sechelela akaacha kuita mtu yeyote. Hapo Ndahani aliogopa kwa mara ya kwanza tangu akiwa kijana. Akashuka, akauvuka ule udongo na buti zilizobeba kijiji kizima, akafika kwenye nyumba ya kwanza. Ilikuwa ya Mama Msengi, balozi wa nyumba kumi zile, mwanamke wa makamo, mkulima wa uwele. Mlango ulikuwa umerudishwa. Ndani kulisikika mtu akipepeta.

Ndahani akakohoa.

Upepetaji haukukoma. Akakohoa tena. Mnajua desturi ya hapa kwetu. Kikohozi cha nje hakina mwenyewe, anaweza kuwa mpita njia mwenye mafua. Alisimama jua likimpiga kisogoni, akaona vigoda vya baba yake, na ile kata ikirudishwa, na mikono ikishukuru. Kisha akamwona Sechelela.

"Hodi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, ya mtu asiye na meno.

"Karibu," sauti ikajibu mara moja, na mlango ukafunguka. "Karibu baba. Mbona una tope hadi kifuani? Umetokea nyumba ipi?"

"Ile pale."

Mama Msengi alitazama. "Pale kuna lori la watu lililokwama."

"Ni nyumba. Mke wangu mgonjwa yumo ndani. Siku ya pili leo."

Yule mama alikuwa bado na ungo wake mkononi. Akasema, taratibu, kama mtu anayepima kila neno, "Tuliliona tangu jana. Hatukuona mtu, tukasema dereva amekwenda kutafuta msaada. Mzigo wa mtu hausogelewi, baba, likipotea gunia moja utasema sisi wezi. Mimi ndiye balozi hapa, nikaweka wanaume wawili wapokezane kuulinda." Akautua ungo. "Tumelinda mzigo, kumbe mtu anakufa."

"Lina pazia," alisema Ndahani. "Lina mlango. Hamkuona mlango?"

"Na wewe hukuwaona watu? Wenye nyumba wangekuja kupiga hodi. Ungekuja siku ya kwanza ukasema mimi fulani, tungekuja kuwapigia hodi mpaka mkatuchoka. Nyumba isiyopigiwa hodi ni mzigo tu, baba yangu."

Ndahani, badala ya kumwomba maji, akakasirika. Ndivyo alivyo mwenye kidonda, humgombeza anayekiosha. Akamwambia kwamba walioivunja nyumba ya baba yake walianza kwa hodi, na watu wa cheo kama chake yeye balozi ndio waliowaongoza njia.

"Mimi nilipakiwa nikiwa na miaka tisa," alisema Mama Msengi, akivaa kandambili. "Na kuku wanne. Wawili wakafia njiani. Unadhani lori lilikuwa moja? Haya, twende, utanigombeza tukitembea."

Alipiga yowe moja, na wale wa kwenye kichuguu wakainuka, na wengine wakatoka mashambani. Walipolifikia lori, Mama Msengi aliwazuia. Akasimama nyuma, tope kwenye magoti, akaita hodi. Ndani kimya. Akaita tena. Ikabidi Ndahani aliyekuwa pembeni yake aitike yeye mwenyewe, kutoka nje ya nyumba yake, karibu, karibuni ndani.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya kijito, mwendo wa saa nzima, na machela haikuwapo. Kitanda kilipigiliwa misumari sakafuni kisicheze safarini. Wanaume wakatazamana. Ndahani akachukua nyundo, akazigonga pini za bawaba kutoka chini, moja, mbili, tatu, akaushusha mlango wa baba yake. Wakamlaza Sechelela juu yake, wakamfunga kwa kanga, watu wanane chini, wakipokezana. Ndahani alishika pembe ya kichwani na hakukubali kupokewa hata mara moja.

Sechelela alipona. Ilimchukua siku kumi na moja. Alipoweza kukaa, mumewe akamwambia kwamba vijana wamelikwamua lori, tope limekauka, njia ya magharibi inapitika.  Sechelela akasema mlango umekwisha kushuka. Anayetaka kuupandisha aupandishe siku yeye akiwa maiti.

Wakaomba kiwanja, wakapewa, hapahapa. Matofali walifyatua wenyewe, na lori wakamuuzia mchuuzi wa chumvi. Mlango wa mninga ukaingia ukutani, mara ya kwanza tangu tembe la baba yake livunjwe. Asubuhi ya kwanza ndani ya nyumba ile Ndahani alikuwa akivaa viatu aliposikia sauti ya Mama Msengi nje.

"Hodi wenyewe."

Akageuka kutafuta kidirisha. Palikuwa na ukuta. Hapakuwa na usukani nyuma yake, wala injini. Sechelela alikuwa jikoni na alisikia vizuri, lakini safari hii hakuitika. Aliendelea kukoroga uji wake.

Ndahani aliinamisha kichwa. Miaka yote ile ilimkaa mabegani kama shehena ambayo haikupata wa kuipokea.

"Karibu," akasema.

Mama Msengi akaingia na kibuyu cha maziwa. Hakukaa mpaka alipoonyeshwa kigoda.

Msije mkasema Ndahani alisamehe. Hakusamehe, wala mimi simlaumu. Aliyebomoa hajaja kuomba radhi, na radhi haitolewi hewani. Mpaka anaingia kaburini aliwataja wale mgambo kwa majina, na majina ya waliowatuma. Ila aliyataja akiwa amekaa mlangoni, mlango wazi, kati ya watu walioingia kumsikiliza. Na kila aliyeingia alisimama kwanza pale nje, akaita, akangoja aitikiwe.

Fundi Njiku alikuwa mmoja wa wale wanane chini ya mlango. Ndiyo maana leo aliweka mwiko chini. Yule bwana ajenge ukuta wake, ni haki yake. Lakini siku akiugua humo ndani, sisi tutapita na majembe yetu, tutatazama, tutapita. Nyumba isiyopigiwa hodi ni mzigo.