Nungunungu na Kasha la Tumbaku ya Korongo

Paukwa!

— Pakawa!

Nimebeba kasha!

— Lifungue tulione!

Limeingia wadudu!

— Tuambie waliingiaje!

Haya, sogeeni. Na wewe mwenye kikohozi huko nyuma, kohoa sasa umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa.

Hapo zamani za kale wanyama walilima tumbaku. Walilima, wakakausha, wakasokota, wakavuta. Wazee ndio waliovuta. Watoto hawakugusa, na ninyi mlio mbele yangu msije mkagusa mkanitia matatani na mama zenu.

Chini ya mlima wa baridi aliishi Nungunungu. Mke hana, mtoto hana. Kila aliyemkaribia alichomwa na miiba, basi majirani walimsalimu kwa mbali, wakapita. Hujambo, sijambo, basi. Mmoja tu alikaa naye karibu, naye alikuwa Korongo. Miguu mirefu, shingo ndefu, mdomo mrefu! Kwa miguu ile, miiba haikumfika pabaya.

Korongo alikuja na mvua za kwanza. Akakaa mpaka mavuno. Kisha akaruka na wenzake kwenda nchi za mbali. Kila mwaka hivyo hivyo.

Akiwapo, walifanya kazi pamoja. Korongo alidonoa viwavi shambani. Nungunungu alikausha majani bandani. Kisha walikaa chini, Nungunungu akisokota, Korongo akibana ncha kwa mdomo wake, kop! Msokoto mwingine, kop! Kila msokoto ukabaki na alama ya mdomo wa Korongo.

Misokoto ililazwa ndani ya kasha la mwerezi, pamoja na kibakuli cha maji ili majani yasikauke. Kasha likawekwa penye ubaridi, mbali na jiko. Na kila wiki Nungunungu alilifungua, akageuza msokoto mmoja mmoja, akaukagua. Ndivyo watunza tumbaku walivyofanya tangu babu zao. Fungua, geuza, kagua.

Mwaka mmoja walisokota misokoto kumi na miwili. Siku ya kuagana Nungunungu akasema, "Rafiki yangu, hii sitaivuta, wala sitampa mtu. Nakutunzia wewe."

"Haya, nitunzie," alisema Korongo, mabawa tayari yamekunjuliwa. Akaruka. Puuu! Akaenda.

Nungunungu akangoja. Kiangazi kikapita. Mvua za kwanza zikanyesha. Makorongo wengine wakaja, wakashuka mabondeni. Korongo wake hakuja. Mvua za mwaka wa pili zikanyesha. Hakuja. Nungunungu alisimama shambani peke yake, viwavi wanakula majani, naye anaimba. Nitikieni:

*Korongo we, Korongo,*

*mvua imelowesha shamba,*

*nyayo zako sizioni.*

Alimkosa, jamani. Alimkosa asubuhi akiamka, akamkosa jioni akila. Alikuwa akitenga chakula cha wawili kisha anakula cha mmoja.

Hapo ndipo alipoanza kukosea. Alilitazama kasha, akasema, "Nikizidi kugeuza hii misokoto, alama za mdomo wake zitafutika." Akaacha kulifungua. Akalifunga kwa kufuli. Tena akasema, "Pale pembeni kuna baridi. Korongo alipenda kuota moto." Akalibeba, akaliweka karibu na jiko. Kasha likapata joto, giza na unyevu. Hakuna mkono ulioligusa tena.

Jirani yake, Fungo, akaja. "Hodi, kaka Nungunungu!"

"Karibu, ila usisogee kwenye kasha."

"Kasha liko motoni, kaka! Umelikagua lini?"

"Hilo ni la Korongo. Mambo ya Korongo niachie mwenyewe."

Fungo akainua mabega, akaenda zake. Ungefanya nini na mtu kama huyo?

Siku moja Nungunungu akasikia sauti. Kre-kre-kre. Moyo ukamruka! Korongo akifurahi hugonga mdomo wake hivyo, kre-kre-kre. Akatoka mbio. Akatazama juu ya paa. Hakuna mtu. Akatazama shambani. Hakuna mtu. Akarudi ndani.

Kre-kre-kre. Akatoka tena. Hakuna mtu. Kutwa nzima anatoka, anaingia, anatoka, anaingia. Siku nyingi zikapita hivyo. Mnacheka? Hamjawahi kumngoja mtu ninyi.

Asubuhi moja, akifagia, aliona unga wa kahawia chini ya kasha. Akapiga magoti. Akaweka sikio. Kre-kre-kre, sauti inatoka ndani! Akafungua kufuli. Lo! Unga. Matundu. Matundu madogo kama ya sindano, mengine yametoboa alama za mdomo zenyewe. Kutoka kwenye tundu moja akachungulia mdudu mdogo mwekundu, wa mviringo, ameinamisha kichwa. Alikuwa Fukusi.

"Nani amekuingiza nyumbani kwangu?" Nungunungu akafoka, miiba imesimama.

"Umetuingiza mwenyewe, bwana," alisema Fukusi. "Mayai yetu yalikuwa kwenye majani tangu bandani. Kwenye ubaridi yalilala tu. Ukatuwekea moto, tukaanguliwa. Ukatufungia mlango, tukazaana. Hatujapata mwenyeji mkarimu kama wewe."

Nungunungu akamsukuma Fukusi ndani. Alifunga kasha, akalitia kichwani, akapanda kwa mzee Pimbi, mjuzi wa tumbaku, aliyeishi juu ya mlima kwenye mawe yenye barafu. Fungo akamwona akitoka.

"Kaka, mawingu yanakusanyika. Nikukalie nyumba?"

"Hapana. Nimeshafunga mlango."

Huko juu, Pimbi alilitazama kasha akatikisa kichwa. "Mjukuu wangu, dawa ipo, ila inauma. Misokoto yenye matundu ichome yote. Ukibakiza mmoja, umebakiza fukusi. Iliyo mizima tuilaze kwenye barafu siku tatu, mayai yafe. Kisha ishushe polepole, ukipumzika njiani, maana ikipata joto ghafla majani yatapasuka. Na kasha tulipanguse lote, kila pembe."

"Nichome alama za mdomo wake?"

"Chagua. Uchome baadhi, au yote iwe unga."

Wakahesabu. Saba ilikuwa na matundu, mitano ilikuwa mizima. Nungunungu alitia motoni mmoja mmoja, na kila mmoja aliubusu kwanza. Fukusi wakapasuka, pa! pa! pa! Moshi ukamwingia machoni, naye hakuyafuta, kwa sababu alikuwa analia kweli.

Mitano ikalazwa kwenye barafu. Siku ya kwanza, Pimbi akatazama bonde. "Mvua za kwanza zimeanza kunyesha huko chini. Niachie kasha, mjukuu wangu. Mimi sina pa kwenda. Wewe shuka nyumbani kwako."

"Siliachi."

Siku ya pili, Pimbi akasema, "Shuka."

"Siliachi. Nimemwahidi Korongo."

Siku ya tatu, Pimbi akalitazama bonde, akageuka, akaendelea kupangusa kasha.

Siku ya nne Nungunungu akashuka polepole. Hatua, akapumzika. Hatua, akapumzika. Alifurahi. Mitano imepona! Alikuwa akiimba njia nzima.

Alipofika mlangoni kwake, alisimama. Matope yalijaa nyayo. Nyayo ndefu, za vidole vyembamba. Zimezunguka nyumba. Zimekwenda shambani, zimerudi. Mbele ya mlango zilikuwa nyingi mno, kama za mtu aliyesimama hapo muda mrefu.

Fungo akaja, uso ameinamisha. "Kaka, alikuja."

Nungunungu akazidi kuzitazama nyayo.

"Alivunjika bawa huko mbali. Miaka miwili hakuweza kuruka. Juzi alikuja, akagonga, mlango umefungwa. Nikamwambia, umepanda mlimani kuiokoa tumbaku yake. Akacheka, lakini si cheko la furaha. Akasema, 'Tumbaku? Mimi tumbaku inanikohoza, dada. Nilikuwa nabana zile ncha ili nipate kukaa naye.' Akakungoja siku mbili mvuani. Nikamwambia aje kwangu, akakataa. Leo asubuhi wenzake, waliokuwa wanapita tu kwenda mabonde ya mbali, wakamwita, bawa lenyewe bado bovu, hawezi kuruka peke yake. Ameondoka nao."

"Amesema atarudi?"

"Amesema, akijaliwa."

Nungunungu akashusha kasha kwenye matope. Akakaa chini katikati ya zile nyayo, akazitandikia mikono yake asije mtu akazikanyaga. Mvua ikaanza tena, tone moja moja, ikawa inazijaza maji. Akasema, "Fungo, dada yangu, kaa nami." Fungo akakaa karibu naye. Mwiba mmoja ukamchoma, akanyamaza.

Basi wenzangu, wakubwa kwa wadogo, msikie. Ukimtunzia mtu kitu, kitunze vizuri: kifungue, kigeuze, kikague, kisiliwe gizani. Lakini usikithamini kuliko mtu mwenyewe. Anayekupenda haji kufuata kitu ulichomwekea. Anakufuata wewe, basi akute mlango wazi.

Ngano yangu naiacha pale pale matopeni. Aliye na mtu wa kumngoja, aende nyumbani.